Barua ya Wazi kwa Maprofesa Wetu Mlioko Ughaibuni: Makaratasi Yenu Yatakwenda Wapi?

Ndugu maprofesa,

Nawasalimu ninyi mliozaliwa Lamu, Mombasa, Unguja, Tanga, Kigoma, Bukavu na Lubumbashi, ambao leo mnafundisha katika vyuo vya Ulaya, Marekani, Kanada na Ghuba. Baada ya salamu, nina swali ambalo kwetu si desturi kumuuliza mtu angali mzima, na naomba mnivumilie. Siku Mungu atakapowachukua, makaratasi yenu yatakwenda wapi? Siulizi habari ya nyumba wala akiba ya benki, maana hayo ndugu na mahakama watayashughulikia. Nauliza habari ya barua, shajara, maandalizi ya mihadhara, miswada iliyokataliwa na wachapishaji, vitabu mlivyoviandika pembeni kwa penseli, pasi za zamani, barua za idara ya uhamiaji, na kompyuta ambayo siku hizi imebeba yote hayo.

Kazi yangu ilikuwa ukutubi hadi nilipostaafu. Nawaandikia nyote, lakini nawalenga zaidi wenye kufundisha falsafa. Mhandisi huacha daraja, na daktari hukumbukwa na aliowatibu. Mwanafalsafa huacha wanafunzi na karatasi, na wanafunzi nao hufa.

Niruhusuni nimtaje mtu asiye wa kwetu, kwa sababu katika wahamiaji wote waliofundisha falsafa ugenini, ni yeye ambaye makaratasi yake yamenifundisha mengi. Ni Hannah Arendt. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1906 katika familia ya Kiyahudi, akakulia Königsberg, mji wa mwanafalsafa Kant, akasoma kwa Martin Heidegger kule Marburg na kwa Karl Jaspers kule Heidelberg. Mwaka 1933 alikamatwa Berlin, na kosa lenyewe lilikuwa la karatasi: alikuwa akikusanya, ndani ya Maktaba ya Taifa ya Prussia, matamshi ya chuki dhidi ya Wayahudi yaliyochapishwa waziwazi nchini humo, ili dunia ioneshwe. Polisi walimshikilia siku nane. Alipoachiwa alivuka mpaka bila hati akaingia Czechoslovakia, na hatimaye akafika Paris. Mwaka 1940 Ufaransa ikamfungia katika kambi ya Gurs kama mtu wa upande wa adui, ilhali serikali ya huyo adui ilikuwa imekwisha kumvua uraia. Aliponyoka, akapita Lisbon, akashuka New York mwezi Mei 1941. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1951. Baadaye alifundisha Chicago na katika New School ya New York, na mwaka 1959 akawa mwanamke wa kwanza kushika cheo cha uprofesa kamili Princeton. Mwenyewe hakupenda kuitwa mwanafalsafa. Alisema kazi yake ni nadharia ya siasa. Namheshimu kwa hilo, ila makasha yake yanasema amesomea falsafa, amefundisha falsafa, na kitabu alichokuwa akikiandika alipofariki kinahusu kufikiri, kutaka na kuhukumu.

Mtu wa namna hiyo, aliyehama nchi baada ya nchi na kwa miaka mingi hakuwa na serikali ya kumtambua, aliacha hifadhi ya nyaraka inayopindukia vipande 25,000. Iko katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Imo mihadhara yake, barua, rasimu za vitabu na majalada ya kesi ya Eichmann, ofisa wa Kinazi, aliyoiandikia mwaka 1963. Vitabu vyake mwenyewe, takribani 4,000, viko Chuo cha Bard, jimbo la New York, alikofundisha mumewe Heinrich Blücher na walikozikwa wote wawili. Msomaji anaweza kufungua kitabu alichokisoma na kuona mstari alioupiga chini ya sentensi. Barua za Heidegger na za Jaspers ziko Ujerumani, katika hifadhi ya fasihi ya Marbach.

Haikutokea hivyo kwa bahati, na hapa ndipo penye kiini cha barua yangu.

Arendt alijua tangu mapema kwamba karatasi isiyo na nakala ni karatasi iliyo njiani kupotea. Alijifunza kwa uchungu. Rafiki yake Walter Benjamin, naye mkimbizi wa Kijerumani Ufaransa, alimkabidhi kule Marseille mswada wake mfupi kuhusu dhana ya historia. Benjamin akavuka milima ya Pyrenees akiwa na mkoba wenye mswada mwingine aliouona ni wa thamani kuliko uhai wake. Alifika Portbou, upande wa Hispania, akazuiwa, na mwezi Septemba 1940 akajiua. Mkoba ule haujaonekana hadi leo, wala hakuna ajuaye kwa hakika kilichokuwamo. Lakini mswada aliomwachia Arendt ulipanda meli. Inasimuliwa kwamba wakati wakingoja safari Lisbon, Arendt na mumewe waliusoma kwa sauti mbele ya wakimbizi wenzao. Alipofika New York aliukabidhi kwa wenzake Benjamin wa Taasisi ya Utafiti wa Jamii, nao wakaurudufu mwaka 1942. Kurasa hizo chache leo zinasomwa duniani kote. Mtu yule yule, mwezi ule ule: alichompa mwingine kimebaki, alichokibeba peke yake kimepotea.

Baada ya vita Arendt alipata ajira katika shirika lililoitwa Jewish Cultural Reconstruction, akawa katibu mtendaji wake. Kazi ilikuwa kutafuta vitabu, hati na vyombo vya ibada ambavyo Wanazi waliwaibia Wayahudi wa Ulaya, kuvitambua na kuvigawa upya. Wenye mali wengi walikuwa wameuawa. Alirudi Ujerumani mwaka 1949, akazunguka maktaba na maghala akiuliza, akiandika ripoti, akibishana na wakutubi wenzetu waliokuwa wakificha. Shirika lile lilipeleka mamia ya maelfu ya vitabu Israeli, Marekani na kwingineko. Nawaomba mwitafakari kazi hiyo. Mwandishi ambaye wakati ule ule alikuwa akimalizia kitabu chake kikubwa kuhusu utawala wa kiimla, kilichotoka mwaka 1951, alikuwa mchana akihesabu vitabu vya watu wengine. Hakuona kwamba kuhifadhi ni kazi ya wasiojua kufikiri.

Na kiangazi cha mwaka 1975, miezi michache kabla ya kifo chake, alikwenda Marbach akakaa majuma kadhaa akipanga barua za mwalimu wake Jaspers, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1969. Alirudi New York kuendelea na kitabu. Jioni ya tarehe 4 Desemba alifariki akiwa nyumbani na wageni. Kwenye mashine yake ya taipu palikuwa na ukurasa wenye kichwa cha sehemu ya tatu, ile ya kuhukumu, na nukuu mbili chini yake, basi. Kama asingekuwa na mtu wa kuvisimamia alivyoviacha, kitabu kingeishia kwenye ndoo ya taka. Lakini alikuwa ameweka watu: mwandishi Mary McCarthy na rafiki yake Lotte Köhler. McCarthy alizisafisha sehemu mbili zilizokamilika zikachapishwa mwaka 1978. Köhler alibaki mlinzi wa maandishi hayo kwa miaka mingi iliyofuata.

Nawauliza sasa, ndugu zangu: McCarthy wenu ni nani? Mmemwambia?

Nauliza kwa sababu nimeona mambo. Katika chuo kimoja nilichofanyia kazi, ililetwa shehena ya karatasi za mwalimu aliyefundisha nje kwa miongo mitatu. Familia ililipa meli kwa nia njema. Zilifika zimelowa, hazina orodha, majina ya waliomwandikia hayajulikani, na nusu yake ilikuwa mitihani ya wanafunzi wa kigeni. Daftari alizoandika mwenyewe zilikuwa chini kabisa. Chuo hakikuwa na bajeti ya kuzikausha wala mtu wa kuzipanga. Nilipoondoka bado zilikuwa stoo. Nyingine sikuziona hata stoo, maana sote tumewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye kurasa za mhadhara wa mtu.

Wengine mtasema, mimi si Arendt, nani atataka karatasi zangu? Jibu langu ni kwamba hamlijui hilo, wala yeye hakulijua mwaka 1941, alipokuwa mkimbizi wa miaka 34 ambaye Kiingereza chenyewe alikuwa ndiyo kwanza anajifunza. Na tena thamani ya hifadhi ya mhamiaji haiko kwa umaarufu wake peke yake. Mmekuwa kwenye kamati zilizoanzisha masomo ya Kiswahili vyuoni huko. Mmewaandikia barua za mapendekezo vijana ambao leo ni mawaziri na majaji. Mmebishana kwa barua na wenzenu juu ya kama iko falsafa ya Kiafrika au haiko, mjadala uliochukua miaka ya 70 na 80 yote, na vitabu vilivyochapishwa vinaonesha matokeo tu ya ugomvi ambao ulikwenda kwa posta. Anayetaka kuandika historia ya fikra zetu katika miaka hiyo atazihitaji barua hizo kuliko vitabu vyenyewe.

Kuna habari ya barua ambayo imenishughulisha sana. Mawasiliano ya Arendt na Heidegger yalichapishwa mwaka 1998. Walipendana yeye akiwa mwanafunzi wa miaka 18 na mwalimu akiwa na mke. Kisha mwalimu akajiunga na chama cha Nazi. Ni habari chungu, na wapo waliotamani ibaki gizani. Ukikifungua kitabu hicho utaona barua nyingi ni za Heidegger. Za Arendt ni chache. Arendt alizitunza alizoletewa. Zile alizozituma, sehemu kubwa haipo. Hivyo ndivyo ilivyo: kasha la mtu limejaa sauti za wengine, na sauti yake mwenyewe imetawanyika katika nyumba za aliowaandikia. Zenu ziko wapi? Ziko kwa mama mdogo Likoni, kwa kaka Ujiji, kwa rafiki mliyesoma naye sekondari ambaye sasa anaishi Goma na amehama nyumba mara ngapi kwa sababu ya vita. Barua zile za kwanza mlizoandika kutoka ugenini, za baridi ya Januari na upweke wa bweni, ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mtu ambaye hajui kwamba ni hazina. Mpigieni simu. Mwambieni azitoe kwenye unyevu, na mtoto wa nyumba hiyo azipige picha kwa simu.

Msizichague kwa kutaka kuonekana wema. Najua hofu ya aibu kwetu ni kubwa, na stara ina haki yake. Kwa hilo kuna njia: unaweza kukabidhi barua fulani kwa sharti zisifunguliwe kwa miaka 30 au 50, mpaka wote waliotajwa wawe wameondoka. Hifadhi nyingi za maana zinakubali sharti kama hilo. Kuchoma hakuna sharti tena.

Msizidharau pia karatasi za uhamiaji. Arendt alipodai fidia Ujerumani kwa uprofesa ambao Wanazi walimkosesha, serikali ilimkatalia kwa hoja kwamba mwaka 1933 alikuwa hajatimiza masharti ya kuwa mhadhiri. Kesi ilifika Mahakama ya Katiba, na mwaka 1971 akashinda, kwa sababu ilikubalika kwamba mswada wake juu ya Rahel Varnhagen, mwanamke wa Kiyahudi wa Berlin, ulikuwa kwa kweli umekamilika alipolazimika kukimbia. Mswada wa kijana aliyekuwa mbioni ukageuka ushahidi mahakamani miaka 38 baadaye, na uamuzi ule ukawafungulia mlango wasomi wengine waliokuwa na dai kama lake. Kwa hiyo ile barua ya kunyimwa viza, ile stakabadhi ya kibali cha kazi, ile barua ya mkuu wa idara iliyosema Kiingereza chako hakitoshi, iwekeni pamoja na miswada.

Liko tatizo la kusomeka. Rudolf Carnap, naye Mjerumani, alihamia Marekani mwishoni mwa mwaka 1935, akafundisha falsafa Chicago na Los Angeles, akafariki mwaka 1970. Nyaraka zake ziko Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Sehemu kubwa aliiandika kwa hati mkato ya Kijerumani ambayo wanaoijua leo ni wachache, na shajara zake za miaka ya 1908 hadi 1935 zilichapishwa mwaka 2022, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake. Ninyi mnaandika nusu Kiswahili, nusu Kiingereza au Kifaransa, na baadhi yenu mliosoma madrasa Lamu na Unguja huandika pembeni kwa herufi za Kiarabu. Mtunza nyaraka wa Ohio ataiona karatasi hiyo ataandika juu yake “haijatambuliwa”. Kaeni jioni chache na kasha moja moja. Juu ya kila bahasha andikeni nani alimwandikia nani, mwaka gani, kwa lugha gani, kuhusu nini. Maneno kumi yanatosha.

Sasa suala gumu: zibaki huko au zirudi? Wapo wanaoona kuziacha huko ni kuendeleza wizi ule ule wa enzi za ukoloni. Nawaelewa. Tenzi na mashairi yetu mengi yaliyoandikwa kwa mkono yako London. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalikusanywa karne ya 19 na mmisionari Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Makaratasi yale yakavuka bahari, yakaingia katika maktaba ya chuo cha SOAS, London, na diwani iliyohaririwa na Hichens mwaka 1940 ikachapishwa Johannesburg. Profesa Mohamed Abdulaziz alipoandika kitabu chake juu ya Muyaka, kilichotoka mwaka 1979, ilimbidi azitegemee hati zilizoko Uingereza kumjua mshairi wa mji wa pwani yake. Hilo linauma. Hata hivyo siwezi, nikiwa na niliyoyaona stoo, kuwaambia mzilete zote nyumbani kwa upofu. Msimamo wangu ni huu: karatasi yenyewe ikae pale penye paa lisilovuja, ubaridi wa kutosha na mtu anayelipwa kuitunza, iwe Leiden, Bloomington au Dar es Salaam; lakini hati ya makabidhiano iseme wazi kwamba nakala kamili ya kidijitali itapelekwa kwenye chuo cha nyumbani kitakachotajwa kwa jina, na kwamba msomaji wa Kigoma hatatozwa hata senti kuiona. Nyaraka za Arendt zilipowekwa kwenye kompyuta, kwa muda zilionekana kwa ukamilifu katika sehemu tatu tu: Washington, New School kule New York, na Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani. Yaani ile nchi aliyoikimbia ilipewa dirisha lake. Sasa sehemu kubwa iko kwenye intaneti kwa kila mtu. Kama Oldenburg ilistahili, Mombasa na Lubumbashi zinastahili.

Masharti hayo mnaweza kuyadai mkiwa hai tu. Chuo kinapotaka makaratasi ya profesa wake, huwa na heshima nyingi na hukubali mengi. Mkiisha kufa, wajane na watoto watakabidhiwa fomu iliyokwisha kuandaliwa, nao watatia sahihi huku wakiwa na haraka ya kukabidhi nyumba. Zingatieni pia kwamba umiliki wa karatasi na haki ya maneno yaliyomo ni vitu viwili. Barua uliyopokea ni yako kama karatasi, lakini maneno ni ya aliyeandika na warithi wake, na haki hiyo huendelea kwa miaka 50 baada ya kifo kwa sheria za Kenya na Tanzania, na 70 Marekani. Wasia wenu uoneshe nani atakuwa na idhini ya kuruhusu kuchapishwa. Mkinyamaza, haki hiyo itagawanywa kwa warithi kumi na wawili waliotawanyika mabara matatu, na mtafiti atakata tamaa.

Na barua pepe. Vyuo vingi hufunga akaunti ya mtumishi muda mfupi baada ya kustaafu au kufariki. Miaka 25 ya mawasiliano huondoka kwa amri moja ya kitengo cha kompyuta. Pakueni nakala leo, wekeni kwenye diski mbili, moja kwenu na nyingine kwa mtu mnayemwamini, na nywila ziandikwe mahali ambapo mtu huyo atazipata.

Nina neno kwa wakuu wa maktaba zetu pia, kama barua hii itawafikia. Msingoje shehena ifike bandarini. Waandikieni maprofesa hawa sasa, kwa majina, muwaulize walicho nacho na mseme kwa ukweli mnachoweza kutunza na msichoweza. Mkutubi anayesema “hatuna chumba, lakini nakala tutaitunza” anaaminika kuliko anayepokea kila kitu kwa picha ya gazeti.

Ndugu maprofesa, kabla mwezi huu haujaisha andikeni ukurasa mmoja. Utaje mtu atakayezisimamia karatasi zenu, taasisi mnayotaka izipokee, chuo cha nyumbani kitakachopata nakala, na bahasha zitakazongoja miaka yake. Utieni sahihi mbele ya shahidi, mpeni huyo msimamizi nakala yake mkononi, na nyingine itumeni nyumbani.

Wenu katika kazi,
Mkutubi mstaafu, Dar es Salaam